Chupa ya maji si kuni: maswali kutoka Lamu

Maji ya chupa na ya mfereji yanatofautiana nini?
Zaidi ni safari. Ya mfereji mjini Lamu asili yake ni visima vya Shela, ambako matuta ya mchanga huchuja mvua na kuilaza juu ya maji ya chumvi, kisha pampu huyaleta. Ya chupa hutiwa kwenye plastiki iliyotokana na mafuta ghafi, hupakiwa lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara, huvushwa kwa boti na kumalizia mgongoni mwa punda. Maji hunywewa dakika tano, chupa ikabaki. Mwaka 2021 watafiti wa Barcelona, Uhispania, walikadiria kwamba mji wao mzima ukihamia maji ya chupa, madhara kwa mazingira yangekuwa mara 1,400 ya yale ya mfereji. Na kule lori hufika mlangoni.

Chupa tupu huishia wapi?
Baharini chupa ikijaa maji huzama, kifuniko huelea na kasa hukimeza. Uani ikipata mvua, mbu wenye madoa meupe wanaouma mchana hutaga humo. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu hao, ililipuka Lamu mwaka 2004, na waliougua hawajasahau maumivu ya viungo vyao. Nyingine huchomwa, na hapo ndipo penye maneno.

Kuwashia jiko chupa moja tu kuna ubaya gani?
Usiwashie. Chupa ikiungua hutoa masizi membamba yanayofika ndani kabisa ya mapafu, pamoja na hewa ya kaboni monoksidi na kemikali kama benzini, ambayo husababisha saratani. Anayeinamia jiko huvuta moshi huo kila siku, mtoto yuko mgongoni. Makumbi makavu yamejaa pwani nzima na yanashika moto vizuri. Washa nje, makaa yakikolea ndipo upike.

Mbona moshi wake hufukuza mbu?
Hufukuza mbu na kumbana mtoto kifua. Tandika neti. Usichome.

Tukichomea nje, jioni?
Nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, na moshi wa uchochoroni huingia kiwandani, yaani ua wa ndani, kwa jirani ukakaa humo. Mmoja wa majirani ana pumu. Jibu ni lile lile: usichome.

Mtoto akianza kukohoa, tungoje siku ngapi?
Msingoje kabla ya kuhesabu pumzi. Akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, mpelekeni zahanati leo. Chini ya mbavu pakibonyea anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi au akishindwa kunyonya, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na boti ni ya kutafuta. Mafuta ya nazi kifuani hayafungui mapafu. Kumpaka, kumfunika na kungoja kesho ndiko kunakofikisha hospitali watoto waliokwisha kuchoka.

Basi tunywe ya mfereji hivyo hivyo?
Hapana. Maji maangavu si lazima yawe salama. Choo cha shimo kilicho karibu na kisima hakibadilishi rangi ya maji. Yachemsheni mpaka yatokote kwa mapovu makubwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa. Au tieni klorini: kidonge cha miligramu 67 kwa mtungi wa lita 20 wa maji yasiyo na tope, koroga, ngoja dakika 30. Yenye tope chujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Chumvi haiondoki kwa moto wala kwa klorini, kwa hivyo msiongeze vidonge kwa sababu ya ladha. Hifadhini kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba au bomba. Kata ikitumbukizwa pamoja na vidole, kazi yote imeharibika.

Chupa zilizokwisha kujaa nyumbani?
Zile angavu zisizozidi lita 2, zisizo na mikwaruzo, zinafaa kusafishia maji kwa jua. Bandueni karatasi, jazeni maji maangavu, zilazeni juu ya bati saa 6 za jua kali. Mawingu yakitanda, siku mbili. Zilizobaki zikunjwe, zirudishiwe vifuniko na zipelekwe kwa wakusanyaji. Jahazi la Flipflopi lililoteremshwa majini hapa Lamu mwaka 2018 liliundwa kwa taka za plastiki zilizokusanywa.