Kuzima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuianzisha upya

Wengi maofisini huamini kwamba kompyuta iliyozimwa jioni na kuwashwa asubuhi imeanza upya kabisa. Ni rahisi kuelewa kwa nini: skrini ni nyeusi, feni imenyamaza.

Ila tangu Windows 8, iliyotoka 2012, kompyuta nyingi huja na utaratibu wa kuwaka haraka. Ukichagua "Shut down", programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo wa Windows na viendeshi vyake (programu ndogo zinazoendesha vifaa, "drivers") huhifadhiwa kwenye diski, kisha hurudishwa asubuhi jinsi vilivyokuwa. Ndiyo maana mashine huwaka upesi, na ndiyo maana hitilafu ya kiendeshi cha sauti au cha mtandao yaweza kudumu wiki nzima. "Restart" hupakia kila kitu upya.

Hakiki mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua "Performance", bofya CPU, usome "Up time", yaani muda tangu mfumo uanze upya. Mashine uliyoiwasha leo yaweza kuonyesha siku kadhaa. Chagua "Restart", kisha tazama tena: hesabu imeanza sifuri. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuomba ofisi inunue RAM (kumbukumbu ya kompyuta) kwa sababu mashine inasumbua.