Je, wajua kwa nini watu hukesha Stonehenge kila mwezi wa Juni?

Usiku wa kuamkia siku iliyo ndefu kuliko zote katika mwaka wa Uingereza, kwa kawaida tarehe 21 Juni, maelfu ya watu hukesha kati ya mawe ya Stonehenge, duara la kale la mawe makubwa lililo kusini mwa nchi hiyo. Wengi ni watazamaji tu. Wapagani wa kisasa, yaani wafuasi wa dini zinazoyaenzi maumbile, wakiwamo Wadruidi wanaojiita kwa jina la makuhani wa Ulaya ya kale na kuvaa kanzu nyeupe, huunda duara, huzisalimu pande nne za dunia, hupuliza pembe, na pengine hufungisha ndoa kwa kuizungushia utepe mikono ya maharusi. Jua huchomoza muda mfupi kabla ya saa kumi na moja alfajiri, upande ule ambao mstari wa mawe umeuelekea.

Ni rahisi kudhani kwamba Wadruidi hao wamerithi ibada ya waliolijenga duara lile. Sivyo. Mawe makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo, ilhali Wadruidi wa kale wanaanza kutajwa na waandishi wa Kigiriki na Kirumi zaidi ya miaka 2,000 baadaye, na hakuna hata mmoja wa waandishi hao anayewaweka Stonehenge. Aliyewahusisha na mawe hayo ni John Aubrey, mtafiti wa karne ya 17, kisha William Stukeley akaikoleza dhana hiyo katika kitabu chake cha 1740. Chama kimoja cha Wadruidi wa kisasa kilifanya hapo sherehe kubwa ya kuwaingiza wanachama mwaka 1905, na mzunguko wa sikukuu nane unaofuatwa na Wapagani wengi ulikamilishwa katikati ya karne ya 20. Ibada yao basi ni changa, jambo ambalo wengi wao hulikiri bila kinyongo.

Jua lenyewe, hata hivyo, halikubuniwa na mtu. Kwa kuwa dunia imeinama kwa nyuzi 23.4, mahali pa macheo husogea kaskazini na kusini kwenye upeo wa macho kama pembea, ambayo hupita katikati kwa kasi, hupunguza mwendo ikikaribia ukingoni, kisha hutulia kidogo kabla ya kurudi. Mwezi Machi, macheo ya Stonehenge huhama kila siku kwa zaidi ya upana wa jua. Karibu na 21 Juni, siku tano nzima haziyahamishi hata nusu ya upana huo. Kwa hiyo mawe peke yake hayawezi kuitaja siku yenyewe, na atakayefika siku tatu baadaye ataona macheo karibu yaleyale, tena bila msongamano, ingawa ruhusa ya kuingia bure na kukesha katikati ya mawe, iliyorejeshwa mwaka 2000, ni ya usiku ule tu.

Mstari uleule wa mawe, ukiufuata kwa upande wa pili, huelekea machweo ya katikati ya majira ya baridi. Katika makazi ya kale ya Durrington Walls, jirani na hapo, imepatikana mifupa mingi ya nguruwe, na umri wa baadhi yao unadokeza kwamba walichinjwa majira hayo. Ushahidi huo ni mwembamba, lakini yamkini karamu kubwa ya wajenzi ilikuwa ya Desemba. Wapagani nao hurudi mwezi huo, wakiwa na watazamaji wachache zaidi, kwa sababu ya baridi.