Kanzidata ya pamoja ya njia za matembezi ni nini?

Ni hazina moja ya taarifa za ramani ambayo watu wengi huijaza na kuisahihisha, na yeyote anaweza kuzichukua taarifa hizo akachora ramani yake. OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, ndiyo maarufu zaidi. Masharti yake ni mepesi: utaje chanzo, na ukiiboresha kanzidata yenyewe na kuisambaza, maboresho nayo yabaki wazi. Kunakili kutoka ramani ya kampuni yenye hakimiliki hakuruhusiwi, hata kama njia ni ileile.

Ndani yake njia ni nukta zenye latitudo na longitudo, zikaungwa kuwa mstari, na mstari ukabandikwa lebo: uso (udongo, mawe, lami), upana, ugumu, nani anaruhusiwa kupita. Penye njia panda mistari hushiriki nukta moja, na mstari hukatwa pale lebo zinapobadilika au ziara zinapoachana. Hapo ndipo wanaoanza hukosea. Tuseme vikundi viwili vya Moshi vinakwenda maporomoko ya Materuni, kimoja kinaishia hapo, kingine kinaendelea vijijini. Kipande wanachotumia wote huchorwa mara moja tu. Ziara ya kila kikundi ni orodha ya vipande kwa mpangilio. Kila mtu akipakia rekodi ya simu yake kama ilivyo, ramani itaonyesha njia tano zikienda sambamba mahali penye moja, kwa sababu GPS ya simu hukosea mita kama 5 penye uwazi, na zaidi chini ya miti na kwenye makorongo.

Kwa hiyo rekodi ni malighafi tu. Weka simu inase nukta kila sekunde 5 hivi, pita kwenda na kurudi, kisha chora mstari mmoja katikati. Penye njia panda simama nusu dakika. Andika yaliyofichwa na migomba kwenye picha ya setilaiti: daraja la magogo juu ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), ngazi za udongo zinazoteleza masika.

Lebo yenye kazi kuliko zote ni ruhusa. Mteremko wa Kilimanjaro umejaa vijia vinavyokatiza vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachagga. Jirani hupita kwa ujirani, na mgeni mwenye baiskeli hana haki hiyo. Muulize mwenye kihamba au mwenyekiti wa kitongoji. Akikubali, andika "kwa hisani ya mwenyewe", si "ya umma". Akikataa, usikifute kipande. Kibandike lebo ya faragha, maana ukikifuta, mwingine atakiona kwenye picha ya setilaiti na kukichora upya. Ndani ya Hifadhi ya Taifa, lebo ni kibali.

Kabla ya kupakia, kagua alama ya kutoa. Moshi iko latitudo -3.35, longitudo 37.34. Ukiisahau alama hiyo, njia yako inahamia jangwani upande wa North Horr, Kenya. Ukizipindua namba hizo mbili, inaangukia karibu na Granada, Hispania.