Je, Wajua Talanta Elfu Kumi Zilikuwa Deni la Kiasi Gani?

Wakristo wengi wanaijua hesabu ya "saba mara sabini". Petro alimuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, je, hata mara saba? Akajibiwa kwamba si saba, bali saba mara sabini. Mahubiri mengi huishia hapo. Katika Mathayo 18, hata hivyo, Yesu anaendelea kusema. Anatoa mfano wa mfalme aliyetaka kufanya hesabu na watumwa wake, na ndani ya mfano huo mna madeni mawili. Ukiyapima madeni hayo, unaona kwamba Yesu alikuwa anajibu swali zito kuliko lile la Petro: nitasameheje, wakati nimeumizwa kweli?

Tumtendee haki Petro kwanza, maana saba yake haikuwa ya uchoyo. Mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, yaliyohifadhiwa katika kitabu chao cha Talmud yanasema aliyekosa aende kumwomba mwenzake radhi hadi mara tatu. Akikataliwa zote tatu, halazimiki kuomba tena. Petro alikuwa tayari kuvuka kiwango hicho mara mbili na zaidi. Nalo jibu la Yesu lina mwangwi wa kale. Katika Mwanzo 4, Lameki, mmoja wa uzao wa Kaini, anajigamba mbele ya wake zake kwamba Kaini akilipiwa kisasi mara saba, yeye atalipiwa mara sabini na saba. Yesu anaichukua hesabu ya kisasi na kuigeuza kuwa hesabu ya msamaha.

Sasa tuje kwenye fedha. Mtumwa wa kwanza anadaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika Mathayo 20, pale wakulima wa mizabibu wanapopatana na mwenye shamba. Talanta elfu kumi basi ni dinari milioni 60. Kibarua akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula wala kuvaa kwa ujira huo, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza. Kwa uzito, hizo ni zaidi ya tani 200 za fedha. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anaandika kwamba Herode Antipa, mtawala wa Galilaya na Perea siku za Yesu, alikuwa akipata talanta 200 kwa mwaka kutoka maeneo yake yote. Deni la mtumwa huyu ni mapato ya Galilaya na Perea kwa miaka 50. Waliomsikiliza Yesu walikuwa Wagalilaya waliolipa kodi hizo kwa jasho lao, kwa hiyo walielewa mara moja kwamba hapa hakuna kulipa.

Deni la pili ni dinari mia. Safari hii mtumwa yule wa kwanza ndiye anayedai, na mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, ndiye anayedaiwa. Fedha zake zote hazifiki nusu kilo, unaweza kuzibeba mkononi.

Tuchukulie kibarua wa leo anayelipwa shilingi 10,000 za Tanzania kwa siku. Mjoli anadaiwa shilingi milioni moja. Yule wa kwanza anadaiwa bilioni 600.

Hapa ndipo wahubiri wengi hufanya haraka. Husema kwamba dinari mia si kitu, basi achilia. Mimi naona mfano unasema vingine. Dinari mia ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Mwambie mama lishe kwamba milioni moja aliyokopwa si kitu, uone atakavyokuangalia. Yesu angeweza kutaja dinari mbili, lakini alitaja mia, kiasi kinachomuuma mtu wa kawaida. Aliyetukosea ametukosea kweli, na deni lake linahesabika. Ni dogo tu likiwekwa kando ya lile tulilosamehewa sisi na Mungu.

Ndiyo maana kusamehe kwa Kikristo hakufanani na ile desturi yetu ya funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye vikao vya familia tunaharakisha kusema "yaishe", "yamekwisha", "tusifukue makaburi", na aliyeumizwa anarudi nyumbani na fundo lilelile moyoni. Mfalme wa mfano huu anafungua daftari kwanza. Anaita mdaiwa, kiasi kinatajwa mbele yake, kisha ndipo anafuta. Deni lisilotajwa halijasamehewa, limefichwa.

Angalia pia maneno ya wadaiwa hawa wawili. Wote wanasema, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Wa kwanza anaahidi lisilowezekana, na bado mfalme anamhurumia. Aliomba muda, akapewa zaidi ya alichoomba. Wa pili anaahidi jambo linalowezekana kabisa, kwa kuwa dinari mia zingeweza kupatikana pole pole. Huyo ndiye anayekabwa koo na yule aliyesamehewa, na kutupwa gerezani. Wajoli wengine walipoona, wakasikitika sana, wakaenda kumweleza mfalme. Ukali wa mwisho wa mfano, mtumwa yule wa kwanza kutiwa mikononi mwa watesaji, unatisha, na sitaki kuulainisha. Aliyeachiliwa bilioni 600 akaondoka na kwenda kukaba koo kwa ajili ya milioni moja, huruma aliyopewa haikumgusa popote.

Je, kusamehe ni kukubali kuumizwa tena? Swali hili linahitaji jibu la wazi, kwa sababu wako wanawake wanaopigwa nyumbani na kuambiwa, kwa kutumia aya hizihizi, "samehe urudi kwa mumeo". Soma mistari inayotangulia swali la Petro, kuanzia wa 15. Ndugu akikukosa, nenda ukamwonye mkiwa wawili. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia, liambie kanisa. Akikataa hata kanisa, na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Sura ileile inayofundisha saba mara sabini inafundisha pia kuonya, kuita mashahidi na kuweka umbali. Anayeikata mistari hii ya 15 hadi 17 na kuwaachia waumini ule wa 22 peke yake anawabebesha wanyonge mzigo ambao Yesu hakuwapa.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtu aliyeishi mambo yote mawili, kusamehe na kuweka umbali, hadharani. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa na utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa karibu naye, alijua zamu yake inakuja. Yeye na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Alieleza mwenyewe kwamba uchungu dhidi ya Amin ulianza kumtawala, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, alipotambua kwamba sala ya Yesu msalabani kwa ajili ya waliokuwa wakimuua ilimhusu yeye na Amin. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni "Nampenda Idi Amin". Wengi walishangaa, na wengine walikasirika. Lakini Kivengere hakurudi Kampala kujikabidhi kwa wauaji, wala hakuacha kuusimulia ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Alimsamehe Amin akiwa ng'ambo ya mpaka, na alirudi nyumbani mwaka 1979 baada ya utawala ule kuanguka.

Amin hakuwahi kumwomba radhi, na hapo lipo swali linalowasumbua wengi: utamsameheje mtu asiyetubu, au aliyekwisha kufa? Luka 17 inasema ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe. Huko ni kupatana, na kupatana kunahitaji watu wawili. Marko 11:25 inataja hali nyingine: unaposimama kusali, nawe una neno juu ya mtu, samehe. Mdaiwa hayupo pale, na huenda hajui hata kwamba anatajwa. Unamtajia Mungu deni lake kwa kiasi chake, unamwachia Yeye kulidai, kisha unaendelea na sala yako. Yule mtu akija baadaye na toba, mazungumzo ya kurudisha uhusiano yanaanzia hapo, kwa mwendo ambao wewe uliyeumizwa unaumudu.