Kubadilisha mazabodi bila kupiga Windows upya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mazabodi (motherboard, ubao mkuu wa kompyuta) ikiungua, jibu la kwanza kwa mafundi wengi, Arusha hata Moshi, ni "tunapiga Windows upya." Kwa mashine ya kuangalia filamu, hasara ni ndogo. Kwa kompyuta ya AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) yenye hesabu za kahawa za wakulima, au ya wakala wa utalii yenye programu ya uhasibu ambayo CD yake haionekani tena, jibu hilo linafuta kazi ya miaka bila sababu. Kilichoungua ni ubao. Diski ikiwa nzima, Windows iliyomo mara nyingi inaendelea na kazi.

"Windows imefungwa kwenye ubao wake, ukihamisha haiwaki."

Enzi za Windows XP ilikuwa hivyo mara nyingi. Windows 10 na 11 hutambua vifaa upya zikikutana na ubao mgeni: mashine inakaa kimya dakika kadhaa, pengine inajizima na kuwaka tena. Iache imalize, usiizime kwa nguvu.

Ikigoma, chunguza mambo mawili kabla ya kufikiria kufomati.

La kwanza ni mpangilio wa SATA, yaani njia ambayo ubao unazungumza na diski, kwenye BIOS (menyu ya ubao inayofunguka kabla ya Windows). Njia hizo ni kama RAID na AHCI. Dell OptiPlex za mtumba, ambazo zimejaa maofisini, nyingi zimetoka kiwandani zikiwa kwenye RAID hata kama zina diski moja tu. Ubao mpya ukija na AHCI, Windows haipakii draiva sahihi (programu ya kuendeshea kifaa) mwanzoni, na unapata skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Wengi wakiyaona wanasema diski imekufa, kumbe nzima. Rudisha mpangilio wa zamani kama BIOS mpya inao. Kama haina, ibaki kwenye AHCI. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu, Windows hufungua yenyewe ukurasa wa kurekebisha: chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4 ili iwake katika Safe Mode. Humo hupakia draiva ya AHCI. Ukiwasha upya kwa kawaida, tatizo huwa limeisha.

La pili ni Legacy na UEFI, yaani njia ya zamani na njia mpya ya kuwasha kompyuta. Diski ya MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski; mpya ni GPT) huwaka kwa Legacy, na mazabodi nyingi mpya hazina Legacy tena. Dalili yake ni kwamba BIOS inaiona diski lakini kwenye orodha ya kuwasha haimo. Washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift+F10, andika `diskpart`, kisha `list disk`. Kama safu ya Gpt haina nyota mbele ya diski yako, hiyo ni MBR. Andika `exit`, halafu `mbr2gpt /validate /disk:0`, ukibadili namba kama diski yako si 0. Ikikubali, andika `mbr2gpt /convert /disk:0`. Mafaili hayaguswi, ila nakili data kwanza kwenye diski ya nje, maana umeme ukikatika katikati hakuna wa kukuokoa. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu diski imegawanywa sehemu kuu nne, wakati hazitakiwi kuzidi tatu.

"Sijawahi kuweka BitLocker, hainihusu."

Hapa ndipo data inapopotea kweli, na inauma kwa sababu ilikuwa inazuilika. BitLocker ni kufuli la Windows linaloifunga diski isisomeke bila ufunguo. Laptop nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo unakaa kwenye TPM, chipu ya usalama, na TPM iko kwenye mazabodi. Ubao ukibadilika, mashine inadai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Kama ubao wa zamani bado unawaka, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status`, na ukikuta imefungwa, andika `manage-bde -off C:` usubiri hadi ifike asilimia 0. Kama ubao umekufa, tafuta namba hizo kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey kabla fundi hajafungua skrubu. Bila namba hizo, kuchomeka diski kwenye mashine nyingine hakusaidii.

PIN ya kuingilia nayo hufa na TPM ya zamani. Hakikisha unajua nywila ya akaunti yenyewe.

"Leseni inahama na diski."

Inategemea. Andika `slmgr /dli` kwenye Command Prompt uone aina ya leseni. RETAIL (iliyonunuliwa kivyake) inahamishika: iunganishe na akaunti ya Microsoft mapema, kisha baada ya kubadili nenda Settings, Activation, Troubleshoot, uchague "I changed hardware on this device recently". OEM (iliyokuja na mashine) imefungwa kwenye ubao. Microsoft huikubali ubao ukibadilishwa kwa sababu ya kuharibika, si kwa kutaka mashine yenye kasi zaidi. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya steshenari, leseni hiyo ni ya mashirika makubwa, na haikuwa yako tangu mwanzo. Leseni ikikataa, Windows bado inawaka na mafaili yapo, kwa hiyo hiyo nayo si sababu ya kufomati.

"Lazima uendeshe Sysprep (zana ya Windows ya kuandaa mashine kwa kunakiliwa) kwanza."

Hapana. Inafaa kwa anayeandaa mashine nyingi kwa mpigo.

"Linux nayo lazima ipigwe upya."

Ubuntu, aina moja ya Linux, kwa kawaida huwaka moja kwa moja, maana draiva zimo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Kinachopotea ni jina la kuwashia lililohifadhiwa kwenye ubao wa zamani. Liongeze upya kwenye menyu ya BIOS au kwa amri ya `efibootmgr`. Jina la kadi ya mtandao nalo linaweza kubadilika, kwa mfano enp3s0 kuwa enp4s0, na IP (anwani ya mtandao) uliyoiweka kwa mkono ikaacha kufanya kazi.

"Imewaka, kazi imekwisha."

Bado draiva ya mtandao, na bila mtandao Windows haiwezi kujitafutia nyingine. Ipakue mapema kwenye flashi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Ukisahau, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Ila Windows ikianza kupakua masasisho, bando litakwisha haraka, hivyo iwekee kwanza Metered connection, mpangilio wa kubana matumizi ya data.