Diski Kubwa Hazifupishi Umbali wa Kusimama: Dhana Potofu Kuhusu Breki za Magari Madogo ya Zamani

Katika garaji yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, sipitishi juma bila kumpokea mwenye Toyota ndogo ya zamani, Starlet au Vitz, ambaye amekwisha kununua, kwa wauza vipuri vya okazioni (vilivyokwisha kutumika), diski (sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu) na etriye (vibanio vyenye pistoni vinavyoibana diski) zilizong'olewa katika gari kubwa zaidi. Ombi huwa moja: nimfungie hizo, ili gari lake lisimame upesi. Nikimuuliza matairi yake yana umri gani, au mafuta ya breki yalibadilishwa lini, hunitazama kana kwamba nimebadilisha mazungumzo. Basi nimeona afadhali niandike.

Dhana ya kwamba diski kubwa hufupisha umbali wa kusimama ndiyo inayokula fedha nyingi za wateja wangu. Kazi ya breki ni kulizuia gurudumu lisizunguke, lakini kinacholishikilia gari barabarani ni tairi. Ikiwa gari lako, kwenye lami kavu mahali pasipo watu, linafunga magurudumu unapokanyaga pedali kwa nguvu, au ABS yake (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) inaanza kutetemesha pedali, breki hizo tayari zina nguvu kupita uwezo wa matairi, na nguvu utakayoongeza haina mahali pa kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari lenye matairi mazuri huhitaji takribani mita 20 za lami kavu tangu breki zishike hadi lisimame, na kabla ya hapo limekwisha kula mita 17 nyingine ikiwa dereva amechukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga. Mita hizo hazitapungua kwa sababu ya diski. Zitapungua ukienda polepole, na zitapungua ukitupa yale matairi magumu yaliyopasuka ubavuni, ambayo ulinunua yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi kwingine.

Diski kubwa zina faida ya kweli katika jambo moja tu, nalo ni joto, na kwa sisi wa milimani jambo hilo si dogo. Gari la kilo 1,000 likishuka mita 100 za wima, nishati inayopaswa kumezwa inakaribia ile ya kulisimamisha mara 7 kutoka kilomita 60 kwa saa. Anayeelekea Kamanyola kwa mteremko wa Ngomo hushuka mamia ya mita, na akishuka mguu ukiwa juu ya pedali wakati wote, plaketi (vipande vinavyosugua diski) hupata moto kiasi cha kupoteza msuguano na mafuta ya breki huanza kuchemka. Hata hivyo, kwa gari dogo lisilobeba kupita kiasi, mteremko huo hushukwa salama kwa diski zile zile za kiwandani, mradi dereva aweke vitesi (gia) ya pili au hata ya kwanza kabla ya kuanza kushuka, aiache injini ilizuie gari, na akanyage breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha aziachie zipoe. Injini hiyo umekwisha kuilipia.

Kuna wanaotaka zaidi: kuondoa tamburi za nyuma (breki za umbo la ngoma) na kuweka diski, kwa kuwa magari mapya yanazo. Gari linapopunguza mwendo, uzito wake huelemea mbele, na ndiyo maana magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Waundaji walipima uwiano huo kwa makusudi. Ukizipa breki za nyuma nguvu kupita kiasi, magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza, mkia wa gari utateleza, na siku ya mvua katika barabara ya mteremko utajikuta unatazama ulikotoka. Tena etriye zenye pistoni kubwa zinadai mafuta mengi zaidi kutoka silinda kuu ile ile ndogo, inayosukuma mafuta unapokanyaga, hivyo pedali inashuka chini zaidi kabla ya kushika. Ukiweka na silinda kuu kubwa zaidi, pedali inakuwa ngumu zaidi na mguu unachoka. Breki ya mkono nayo mara nyingi hufanya kazi ndani ya tamburi hizo, na mjini kwetu, ambako hata kuegesha ni kuegesha mlimani, sijui mwenye gari anatarajia kuliegesha kwa jiwe hadi lini.

Pedali inayozama kama sponji nayo hutafsiriwa kuwa udogo wa breki. Mara nyingi ni hewa iliyoingia, mafuta yaliyozeeka, au mabomba ya mpira yanayovimba unapokanyaga. Mafuta ya breki hufyonza unyevu: mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Yabadilishe yote kila baada ya miaka 2, na mabomba ya mpira yakionyesha nyufa usisubiri. Mteja akiniachia uamuzi, fedha za diski kubwa huishia hapo, kwenye matairi, na kwenye plaketi nzuri za kipimo cha kiwandani.

Mengine nitayapitia haraka. Mafuta ya injini hayafai kujaziwa katika chombo cha mafuta ya breki, hata kidogo na hata safarini, kwa maana huvimbisha mipira ya ndani na kuharibu mfumo mzima. Plaketi ngumu za mashindano hazishiki vizuri zikiwa baridi, na asubuhi ukitoka nyumbani zitakuwa baridi. Diski zilizotobolewa matundu huwa rahisi kupasuka zikipata moto mara kwa mara.

Kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu servo, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, na baada ya hapo pedali ni kama ubao. Kutoa vitesi pia hakuokoi kitu: injini za kisasa zenye sindano za elektroniki hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa ndani ya vitesi, ilhali likiwa nje ya vitesi injini inaendelea kunywa ili isizimike. Na mwenye kumwagia maji diski zinazofuka moshi baada ya mteremko, azoee bei ya diski mpya, maana zile zitapinda au kupasuka. Aendeshe taratibu dakika chache bila kukanyaga breki, upepo utazipoza.