Aliyekula Ni Tumbili, Si Wewe

Nilijiapiza nisiandike tena juu ya jambo hili. Lakini juzi, katikati ya matembezi yetu ya kuchuma mboga na matunda ya porini, mtu mzima mwenye shahada mbili alichuma tunda asilolijua, akalifuta kwenye shati, na nilipomshika mkono akanijibu kwa sauti ya mwalimu wa chekechea: "Si hao ndege wanakula?" Basi kiapo kimevunjika.

Kauli hii nimeisikia Kilifi, nimeisikia Malindi, nimeisikia kwa wageni kutoka bara na kwa watu waliozaliwa Mtwapa wakakulia Mtwapa. Leo ni ndege, kesho ni tumbili, keshokutwa ni mbuzi. Na kila anayeisema hudai ni hekima ya wazee. Wazee gani? Mama anayeuza mafungu ya mchunga na mwangani pale sokoni hakujifunza kwa kumfuata tumbili. Alionyeshwa na mamake, mamake akaonyeshwa na nyanya, tena kwa kukemewa: hili acha, hili bado changa, hili ng'oa lote ulione mzizi. Hiyo ndiyo hekima ya wazee, na ina kelele nyingi kuliko mnavyodhani.

Tuanze na ndege. Turituri mnazijua, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, wengine huziita macho ya tipitipi. Ganda lake likikauka hupasuka, likajikunja, zikabaki mbegu zinang'aa hadharani. Ndege huziona nyekundu akadhani amepata tunda. Anameza. Hana meno, na wengi wa ndege wala matunda firigisi yao ni laini, haisagi kitu kigumu. Mbegu inaingia nzima inatoka nzima, imesafirishwa bure, na mturituri mwingine unaota mbali na mama yake. Ndani ya mbegu hiyohiyo mna abrini, sumu inayozizuia seli za mwili kutengeneza protini. Mtu akiitafuna, amelivunja lile ganda gumu la mbegu lililomwokoa ndege. Dalili zenyewe hukawia, huenda zikaja baada ya saa nyingi, huku watu nyumbani wameshasema "si unaona hana neno." Ukishuku mtoto ametafuna turituri, hospitali ni sasa hivi, na ubebe mbegu mkononi uwaonyeshe.

Pilipili kichaa ni mfano mwepesi zaidi: ndege hula kwa furaha kwa sababu miili yao haiuhisi ule moto. Hakuna aliyewahi kuniambia "ndege wanakula" huku akijaza pilipili mdomoni. Ajabu.

Sasa tumbili na jamaa zake. Hapa huwa napoteza uvumilivu, kwa maana hoja inaonekana ina akili: wao wana mikono kama sisi, meno kama sisi, basi tumbo vilevile. Nendeni Jozani, Unguja, mkawaone kima punju. Tumbo lao lina vyumba, bakteria wamo humo wakichachusha majani kama ndani ya ng'ombe. Wanaweza kushinda wanakula majani ya mwembe na ya mkungu, kisha wakateremka wakachukua vipande vya mkaa kwenye visiki vilivyoungua na mahali watu walipochomea makaa, wakavitafuna. Watafiti wanaona kwamba mkaa huwasaidia kunasa zile kemikali za majani zinazowasumbua tumboni. Maelezo hayo mimi nayakubali, ingawa ni vigumu kumwuliza kima. Kwa vyovyote, ukitaka kula anachokula kima punju, anza na mkaa. Mbega wetu wa bara naye ana tumbo la namna hiyohiyo.

Mbuzi sitamjadili. Mbuzi hula sanduku la karatasi.

Sungura, ndiyo. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kinachoivunja atropini, kwa hiyo majani ya mimea yenye sumu hiyo hayawafanyi kitu. Mnanaha, gugu la mashambani, una atropini na wenzake. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu za aina hiyo kiliua watu watano na kuwalaza mamia. Mche mchanga wa mnanaha ukiota katikati ya mchicha si rahisi kuutenga kama una haraka, ndiyo maana huwa nawakaripia wanaochuma kwa kukumba gao zima. Chuma jani kwa jani. Ukiona hiyo ni kazi ya kuchosha, nunua sokoni.

Lakini haya yote ni utangulizi. Kinachonikosesha usingizi hasa ni mtandamboo na msunguti.

Mtandamboo ni raha ya matembezi yetu. Vitunda vyake huanza kijani, vikawa vyekundu, vikaishia zambarau inayokaribia weusi, vitamu na uchachu kidogo, na midomo yote hugeuka rangi. Msunguti nao ni kichaka au mti mdogo wa ukoo uleule. Maua meupe yenye wekundu, yananukia vizuri. Utomvu mweupe. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Vitunda: kijani, vyekundu, zambarau inayokaribia weusi. Mnaona tatizo. Kutokana na mti huu wawindaji wa Pwani, Wata hasa, walichemsha sumu ya mishale, na mishale hiyo ilikuwa ikiangusha ndovu. Sumu yenyewe inaitwa wabaini, hushika moyo.

Tofauti kuu ni miiba. Mtandamboo una miiba, wakati mwingine imegawanyika ncha mbili, msunguti hauna. Rahisi? Hapo ndipo watu wanaponiudhi, kwa sababu wakishaambiwa "miiba" wanaacha kutazama. Miiba ya mtandamboo haiko kila pingili. Ukishika kijitawi kimoja chenye vitunda vitatu, unaweza usione mwiba hata mmoja. Na kichaka cha mtandamboo hupenda kusongamana na vichaka vingine, tawi la huyu limepita ndani ya yule. Unaona miiba kwenye kichaka, unachuma kwenye tawi la jirani. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nairudia hadi rafiki zangu wameifanyia kibwagizo cha kunicheka: fuata tawi kwa mkono kutoka tunda hadi shina. Mkono usiachie. Ukichomwa njiani, vizuri. Usipochomwa, tunda hilo si lako. Halafu tazama jani: la msunguti ni gumu, kama ngozi iliyokauka, na ncha yake kali. Lakini jani peke yake silitumii kuamulia, kwa sababu kwenye ukame hata jani la mtandamboo hukakamaa.

Na wale wa "mnyama kala" wanisikilize hapa. Kuna panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye kishungi cha manyoya mgongoni. Huyu hutafuna magome ya msunguti, hayohayo ya sumu ya mshale, kisha hujipaka mate yake kwenye manyoya maalumu ubavuni. Mbwa akimng'ata, huugua, pengine akafa. Watafiti waliandika habari zake mwaka 2011. Panya mwenyewe hadhuriki. Je, na magome tuyatafune?

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya shule havipendi kulisema. Matunda ya msunguti yaliyoiva kabisa yanaliwa na watu. Wapo wazee wanaoyala, na wapo wataalamu walioandika kwamba sehemu fulani huliwa. Siwezi kuwaita wazee hao waongo. Hata hivyo mimi siyali na simruhusu mtu kuyala kwenye matembezi yangu, kwa sababu kati ya tunda lililoiva kabisa na lililokaribia kuiva hakuna mstari ninaoweza kumwonyesha mgeni, na mbegu ndani yake ina sumu hata tunda likiwa tamu. Mzee aliyekulia chini ya mti ule ana macho ambayo mimi sina, na mimi nina macho ambayo wewe uliyefika asubuhi hii huna. Ukiniuliza kama nawanyima watu chakula halali, huenda ninawanyima. Sijalala vibaya kwa hilo.

Mkanganyiko wa upande wa pili ni wa wale wanaosema kichungu ni sumu. Mchunga ni mchungu na tunaula tangu utotoni, unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, unachanganywa na mboga laini, unatiwa tui. Gloriosa, lile ua linalotambaa vichakani lenye ndimi nyekundu na njano, lina kiazi ambacho asiyejua anaweza kukidhania kiazi kikuu. Kina sumu iitwayo kolchisini, na kupika hakuiondoi. Matonga nyama yake ni tamu, mbegu hazitafunwi. Ulimi si maabara. Tuendelee.

Mnavu nao una mashabiki wa hofu. Mtu amesoma mtandaoni kwamba mnavu ni ule mmea wa Ulaya unaoua, belladona, anakuja kunionya mimi niliyelelewa kwa mnavu. Belladona haioti porini kwetu. Lakini nakiri kundi la minavu ni vurugu tupu: ipo ya vitunda vyeusi, ya rangi ya chungwa, ya majani mapana iliyolimwa na ya majani madogo ya porini, na hata wanabotania huvutana kuhusu mipaka yake. Kitunda kibichi cha kijani kina sumu ya solanini, hicho hakiliwi, basi. Uchungu wa jani hubadilika kwa umri wa mmea na udongo, kwa hiyo nikikwambia "chemsha mara moja" na jirani yako akakwambia "mara mbili," huenda sote tuko sawa.

Tunachuma wapi? Mashambani, kando ya njia za miguu, kwenye viambo vilivyoachwa. Barabara kuu hapana, kwa moshi na vumbi lake. Shamba lililopuliziwa dawa hapana, na mwenye shamba aulizwe kwanza. Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hatuingii kuchuma chochote. Kaya hizo ziliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini hata kabla ya hapo zilikuwa na wenyewe na miiko yake, na kijani kile kingi mnachokistaajabia kimebaki kwa sababu watu walikatazwa kukigusa. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, una kibali chake.

Baadaye tunakaa chini ya mwembe, sufuria ya mwangani na mchunga motoni, sima inasongwa, na hapo vyombo vinatoka. Chivoti, yaani filimbi ya mwanzi, ngoma moja, na makayamba tuliyoyaunda wenyewe. Wanaokuja mara ya kwanza hudhani kayamba linatikiswa tu. Linalazwa kati ya viganja, mbegu zinamwagwa upande huu na upande ule kwa mpigo, na vidole gumba vinagonga kijiti cha katikati. Ukilitikisa ovyo unapata kelele ya mvua bila mdundo. Kuliunda si kazi ngumu: mabua ya matete yaliyokauka vizuri, safu mbili, yameshonwa kwa uzi kwenye fremu, na mbegu katikati. Tete likiwa bado na unyevu litanywea baadaye, mishono ikalegea, mbegu zikaanza kudondoka njiani moja moja kama mate ya mzee.

Na mbegu hizo kwa desturi ni turituri. Huu ndio ubishi wetu wa sasa. Mbegu nzima, kavu, ndani ya kayamba haimdhuru mtu. Watu wamezipiga vizazi na vizazi. Hatari huja kayamba likipasuka penye watoto wadogo, au mtu anapozitoboa kwa sindano kutengeneza shanga, vumbi likamwingia. Baadhi yetu wamehamia mbegu nyeusi za kana, ua lile la bustani, ambazo nazo hutumika. Ni nzito kidogo na sauti yake ni nene, nzuri kwa wimbo wa taratibu. Lakini kwenye mwanzele, ngoma ya Wamijikenda, zinachelewa. Mpigaji wetu bora anasema anasikia mbegu zikifika baada ya mkono wake, na mimi nikisikiliza kwa makini nadhani namwelewa. Mimi nimependekeza turituri zibaki kwenye makayamba ya watu wazima, zishonwe kwa uzi maradufu na kukaguliwa mishono kabla ya kila safari, na ya watoto yawe ya kana. Yeye anasema mtoto akizoea sauti ya kana hatawahi kusikia kayamba linavyopaswa kulia. Jumamosi ijayo tutayapiga yote mawili, tukiwa tumefumba macho, tuone nani atayatofautisha.